Kisiwa Hiki Kina Wenyewe

*Palmerston, katikati ya Bahari ya Pasifiki, hakina uwanja wa ndege, hoteli wala bandari. Hata hivyo kila mwaka wasafiri wa vyombo vya matanga hukiendea kwa hamu ya kukivumbua. Makala haya yanauliza haki ya mgeni inakoma wapi.*

Alfajiri ya msimu wa pepo njema, baina ya Juni na Septemba, baharia aliye zamuni katika chombo kidogo cha matanga kilichoondoka Bora Bora siku tano au sita kabla huona mbele yake, pale mbingu inapokutana na bahari, mstari mweusi mwembamba unaozuka na kuzama kwa kadiri wimbi linavyomwinua na kumshusha. Mstari ule ni vilele vya minazi. Ardhi yenyewe haijaonekana bado, maana haikuinuka juu ya maji ila mita chache.

Nahodha hushika redio akapiga hodi. Muda si muda mashua ya alumini yenye mashine tezini hutoka katika mlango wa mwamba, ikapanda mgongoni mwa wimbi na kushuka upande wa pili, na aliyeushika usukani ni mtu aliyeupita mlango ule tangu utoto wake. Kwa desturi ya Palmerston, familia itakayokuwa ya kwanza kukifikia chombo ndiyo mwenyeji wake mpaka siku ya kuondoka: itamlisha mgeni, itampeleka pwani na kumrudisha, na mgeni akidhurika au akifanya ufisadi, nyumba ile ndiyo itakayoulizwa.

Mwenyeji hukiongoza chombo upande wa magharibi wa mwamba, ambako maboya yamefungwa. Huishika kamba ya boya na kuipitisha kiganjani shibri kwa shibri, akitafuta mahali ilipolika, ndipo humkabidhi mgeni aifunge omoni. Baadaye maafisa wa kisiwa hupanda kutazama vyeti na hali ya afya, na kupulizia dawa ya wadudu vyumbani. Kisha wageni hushuka katika mashua ya mwenyeji, kwa kuwa njia ya ndani imejipinda baina ya vichwa vya matumbawe, na asiyeijua hawezi kuipita kwa salama. Mchana huwakuta mezani, chini ya miti, mbele ya samaki aina ya pono aliyekaangwa, wali na shelisheli.

Ndivyo wasimuliavyo mabaharia wengi waliokwisha kupita huko, na husimulia kwa shukrani. Lakini katika jamii hiyo hiyo ya wasafiri wa matanga wamo wanaokijia kisiwa kwa nia nyingine: wametoka makwao kutafuta mahali pasipo mtu, wamekisoma katika vitabu kuwa ni mwisho wa dunia, na wanapokuta kwamba mwisho huo wa dunia una baraza lake, sheria zake, ada zake na Jumapili yake, huona kana kwamba wamenyimwa haki waliyoilipia kwa jasho la bahari.

Mzozo huo, ambao kwa mtu wa mbali waweza kuonekana kuwa mdogo, ndio utakaoamua kama desturi hii adhimu ya ukarimu itaishi au itakufa mbele ya macho yetu.

Nasaba ya seremala mmoja

Palmerston ni kimoja katika Visiwa vya Cook, kilomita zipatazo 500 kaskazini-magharibi ya Rarotonga, yalipo makao makuu ya nchi. Ni mwamba wa matumbawe uliojizungusha kama pete, ndani yake ziwa la maji ya chumvi, na juu ya mwamba vimetawanyika visiwa vidogo vya mchanga ambavyo ardhi yake yote kavu ikikusanywa pamoja haifiki kilomita tatu za mraba. Watu hukaa katika kimoja tu.

James Cook, nahodha wa Kiingereza, alikiona mwaka 1774, akakipa jina la bwana mmoja mkubwa wa serikali yake, akapita. Aliporejea mwaka 1777 aliteremsha mashua kutafuta majani na nazi kwa ajili ya wanyama na watu waliokuwa chomboni. Hakukuta watu wakiishi, lakini waliokuwapo kabla yake waliacha makaburi, na makaburi ni ushahidi usioweza kukanushwa kwamba mvumbuzi alichelewa kwa karne nyingi.

Kisiwa hiki kiliingia pia katika kisa cha merikebu Bounty. Mwaka 1789 mabaharia wake waliasi, wakamtupa baharini katika mashua nahodha wao William Bligh, aliyekuwa amepakia miche ya mishelisheli kutoka Tahiti kuipeleka visiwa vya Karibiani. Miaka miwili baadaye merikebu ya kivita Pandora, chini ya nahodha Edward Edwards, iliyokuwa ikiwasaka waasi, iliikuta Palmerston foromali yenye jina la Bounty, iliyoletwa na maji. Waasi hawakuwapo. Badala yake Edwards akapoteza hapo mashua ndogo pamoja na kijana mwanafunzi wa uafisa na mabaharia wanne, wakachukuliwa na bahari wasionekane tena. Kwa hiyo tangu mwanzo wa habari zake zilizoandikwa, Palmerston imekuwa mahali ambapo mgeni huponzwa na mwamba.

Maskani ya leo yalianza mwaka 1863, alipofika Mwingereza mmoja, seremala na baharia, jina lake William Marsters, kuangalia minazi na mbata kwa niaba ya tajiri John Brander wa Tahiti. Alikuja na wake wenyeji wa Penrhyn, kisiwa ambacho watu wake hukiita Tongareva, na alipofariki mwaka 1899 aliacha kizazi kikubwa, nyumba iliyojengwa kwa maboriti mazito ya merikebu zilizovunjika, ambayo ingalipo, na wasia ulio mgumu kuliko maboriti yale. Aliigawa ardhi mafungu matatu kwa mbari tatu za wake zake watatu, akaharimisha ndoa ndani ya mbari moja.

Mwaka 1954 kizazi chake kilithibitishiwa milki ya kisiwa. Mwaka 1965 Visiwa vya Cook vilianza kujitawala kwa mapatano na New Zealand, na wananchi wake wakabaki na uraia wa New Zealand, jambo ambalo faida yake ni kubwa, na hasara yake tutaiona.

> Kila mnazi una mbari yake, na kila kisiwa kidogo kina fungu lake.

Nimeirefusha nasaba hii kwa sababu ndani yake imo hoja nzima. Mgeni anayeshuka peke yake katika kijisiwa cha mchanga kilicho kando ya mwamba, akaona hapana nyumba wala nyayo, akaokota nazi, akawasha moto na kulala, hujiona yuko nyikani. Ukweli ni kwamba yumo shambani mwa mtu, tena shamba lililogawanywa kwa wasia kabla babu yake hajazaliwa.

Njia ya wanaotangatanga

Nani hawa wanaokuja? Wengi wao ni watu waliouza nyumba au kustaafu kazi, mume na mke, pengine na watoto, waliofanya chombo cha mita 10 hadi 15 kuwa maskani yao. Hutoka Ulaya na Marekani, hupita Mfereji wa Panama, hugusa Galápagos, kisha huvuka maili za bahari zipatazo 3,000 mpaka visiwa vya Marquesas bila kuona nchi kavu. Toka hapo hushuka Tuamotu, Tahiti na Bora Bora.

Kutoka Bora Bora njia hugawanyika. Wapo waelekeao kaskazini Suwarrow, wapo washikao kusini Aitutaki na Rarotonga, na baina yao wapo wanaoielekea Palmerston, kabla ya kuendelea Niue na Tonga. Wote hukimbizana na kalenda, kwa kuwa Novemba hufungua mlango wa tufani, na mlango huo haufungwi mpaka Aprili.

Juu ya maji, watu hawa ni jamii moja. Huzungumza kwa redio saa maalumu kila siku, hupeana habari za upepo na mahali pa kutia nanga, na chombo kimoja kikivunjika mlingoti vingine hugeuza njia kukifuata. Sifa hiyo ni ya haki na haipasi kufichwa. Ila jamii yenye umoja mkubwa huweza kujisahau ikadhani kwamba kanuni zake ndizo kanuni za bahari nzima, na kwamba chombo kilichovuka maili elfu tatu kimejipatia kwa kuvuka huko idhini ya kuingia popote.

Idhini hiyo haipatikani hivyo. Waliokuwa mabingwa wa kwanza wa bahari hii walivuka masafa hayo hayo bila chuma wala dira, kwa nyota, kwa mwelekeo wa mawimbi na kwa ndege wa jioni wanaorejea nchi kavu. Mwaka 1976 chombo Hōkūle'a, kilichoundwa kwa mfano wa vyombo vya kale, kilisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti bila chombo chochote cha kupimia njia, kikiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, na waliokuwa wakidai kwamba Wapolinesia walifika visiwani mwao kwa kupotea tu walilazimika kunyamaza.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asiyaone mambo haya kuwa ya mbali mno. Matengo ya ngalawa, yanayoizuia isipinduke, wataalamu wa vyombo huyanasibisha na mabaharia waliotoka visiwa vya kusini-mashariki ya Asia wakaivuka Bahari ya Hindi hata Madagaska, na jamaa za mabaharia hao ndio walioelekea mashariki wakaijaza Pasifiki. Mvuvi wa Mafia na mvuvi wa Visiwa vya Cook, ingawa hawajuani, wamerithi fikra moja ya kuukabili mkondo.

Upepo ukigeuka

Hoja ya kwanza inayogombaniwa ni mahali pa kufunga chombo.

Palmerston haina mlango wa kupitisha chombo chenye kina kirefu. Yoti zote hubaki nje ya mwamba, upande wa magharibi, ambako pepo za kusini-mashariki zinakingwa na kisiwa. Chini yake upo ukingo mwembamba wa matumbawe, na baada ya ukingo huo bahari huporomoka kwenda vilindini. Mgeni akitia nanga yake mwenyewe, ama itanasa matumbaweni na kuyavunja, ama itateleza ikaanguka kilindini.

Kwa ajili hiyo wenyeji waliweka maboya, na maboya si kitu cha kuweka mara moja na kusahau. Mnyororo husagika juu ya matumbawe kila wimbi linapopita, kamba huliwa na jua na chumvi, na kila msimu lazima mtu azamie akaitazame pingu kwa macho yake. Mnyororo mpya huletwa kwa meli ya mizigo, ambayo huja mara chache kwa mwaka na pengine hukawia miezi.

Upande wa mabaharia wapo wasemao kwamba kuwatoza wageni ada juu ya zawadi walizoleta ni kuugeuza ukarimu kuwa biashara, na kwamba mtu mwenye nanga nzuri ana haki ya kuitumia. Husema pia, na hapa wana hoja ya kusikilizwa, kwamba wengi wao si matajiri kama wadhaniwavyo, na kwamba ada zikiongezeka katika kila nchi, safari hizi zitabaki kwa wenye mali nyingi peke yao.

Nimeipima hoja hiyo kwa insafu, na bado naona haina uzito mbele ya usiku mmoja wa upepo wa magharibi. Upepo ukigeuka, kama ugeukavyo dhoruba inapopita kusini, ule ukingo uliokuwa kinga huwa mtego: mwamba uko nyuma ya chombo kwa masafa mafupi, mawimbi yanakisukuma juu yake, na nahodha ana dakika za kukata kamba na kutoka baharini. Wasioweza, vyombo vyao hupanda mwambani. Nani huenda kuwatoa watu usiku ule? Ni mwenyeji yule yule, katika mashua ya alumini, akihatarisha roho yake na za wanawe. Mafuta yanayovuja huvuja juu ya pono wake, na mabaki ya chombo hubaki katika mwamba wake baada ya mwenyewe kupanda ndege akarudi kwao.

> Dhoruba ikija, atakayetoka usiku kuwaokoa wageni ni mwenyeji.

Anayebeba hatari ndiye mwenye haki ya kuweka sharti. Ada ya boya ni haki, na katazo la kutia nanga juu ya matumbawe ni haki pia.

Mezani na baada ya meza

Hoja ya pili ni laini zaidi na ngumu zaidi.

Chakula cha mwenyeji hakina bei. Mgeni huletewa sahani siku baada ya siku, na wenyeji wengine hawaketi mpaka wageni washibe. Pono anayeliwa pale ndiye bidhaa kubwa ya kisiwa: huzungushiwa nyavu penye maji machache juu ya mwamba, huchunwa na kukatwa minofu siku ile ile, hugandishwa katika majokofu, na meli ikifika hupelekwa Rarotonga kuuzwa. Kila mnofu anaokula mgeni ni mnofu usiokwenda sokoni.

Mabaharia waungwana hulijua jambo hilo. Huja na mchele, unga, sukari, petroli, kamba na vitabu vya watoto, na wenye ufundi hushinda kutwa wakitengeneza mashine za mashua, majokofu na mitambo ya umeme wa jua. Mganga au muuguzi akiwamo kati yao, huwatazama wagonjwa, kwa kuwa hospitali iko mbali kwa safari ya siku kadhaa baharini. Katika kupeana huko mna adabu kamili, maana kila upande hutoa ulicho nacho na hakuna anayedhalilika.

Wapo pia waliokaa wiki nzima wakila na kulala, wakapiga picha kila uso, wakaondoka wakiwa wameacha makopo ya chakula kilichokaribia kuharibika, na baadaye wakaandika kwamba watu wa Palmerston ni watu wa furaha wasiohitaji kitu. Kauli hiyo ni dhuluma. Watu wale wanahitaji nyaya, dawa, vipuri na nauli ya watoto wanaokwenda kusoma, na furaha yao si sababu ya kuwanyima.

Jumapili ni mfano mwingine. Siku hiyo kisiwa kizima huenda kanisani, kazi husimama, na wageni hutakiwa wafuate mwenendo huo: pasiwe na kuvua wala michezo ya majini. Mgeni mmoja asiyeamini aweza kuona kuwa hilo halimhusu. Lakini hakuna nchi ya Waislamu wala ya Wakristo katika pwani yetu ambako mgeni mwenye akili angekwenda kupiga ngoma mbele ya msikiti wakati wa sala kwa hoja kwamba yeye hasali, na sioni kwa nini kisiwa cha watu wachache kistahili staha pungufu ya mji wa watu wengi.

Kisiwa kisicho na mtu

Atakayesema, "Basi nitakwenda mahali pasipo wenyewe," huelekezwa Suwarrow. Huko ndiko alikoishi peke yake Tom Neale, mtu wa New Zealand, aliyehamia huko mwaka 1952 na kukaa, kwa vipindi vitatu, miaka mingi hata alipougua na kufariki mwaka 1977. Kitabu chake cha 1966, *An Island to Oneself*, kimewatoa makwao mabaharia wasiohesabika. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1954, alipoumia mgongo asiweze kuinuka, alinusuriwa na yoti iliyotokea kwa bahati. Hata mpweke mashuhuri kuliko wote wa Pasifiki aliponea mikononi mwa watu.

Suwarrow ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1978. Walinzi hukaa huko katika msimu wa vyombo, na mgeni haruhusiwi kuzurura vijisiwa vyote apendavyo, kwa sababu ndege wa bahari hutaga chini, juu ya mchanga na majani, na mguu mmoja usio na habari huvunja mayai na kuwatimua mama zao juani. Kaa wakubwa wa minazi, ambao kwetu hulindwa katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, huko pia hutafutwa na wasafiri wenye sufuria.

Kwa hiyo hata kisiwa kisicho na mtu kina wenyewe. Mwaka 2017 Bunge la Visiwa vya Cook lilipitisha sheria ya Marae Moana, inayoihifadhi bahari yote ya nchi hiyo, eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 1.9, na kukataza uvuvi mkubwa wa biashara na uchimbaji wa madini ndani ya maili 50 za bahari kuzunguka kila kisiwa. Nchi iliyojinyima mapato makubwa namna hiyo haikosi haki ya kumwambia mgeni mmoja asikanyage pale.

Mdudu asiyebisha hodi

Kuhusu ukaguzi wa vyombo sitasema mengi, kwa kuwa upande mmoja tu una hoja. Yoti yaweza kubeba katika ndizi, katika udongo wa chungu cha maua, au chini ya ubao, kitu kidogo ambacho kisiwa hakitapona nacho. Dudu wa jamii ya chonga, adui wa minazi wanayemfahamu wakulima wa Zanzibar na Tanga, aliingia Samoa mwaka 1909 akitoka Asia, na mwaka 2007 akagunduliwa Guam. Tahiti kwa upande wake inapambana na sisimizi wadogo wenye kuuma kwa ukali. Kisiwa chenye minazi michache hakiwezi kustahimili balaa la aina hiyo hata msimu mmoja. Atakayeona karaha dawa ya wadudu ikipulizwa chumbani mwake, na atulie.

Machi 2020 nchi hiyo ilifunga mipaka kwa sababu ya Uviko-19, na vyombo vilivyokuwa tayari baharini vikakataliwa kushusha watu. Malalamiko ya mabaharia yalikuwa makubwa, na mengine yalitoka katika dhiki ya kweli. Lakini kwa karibu miaka miwili Visiwa vya Cook vilikaa salama na maradhi yale, na kwa kisiwa kama Palmerston, ambacho mgonjwa wake hana ndege ya kumchukua, kufunga mlango kulikuwa kuokoa ukoo mzima.

Wenyeji wanapungua

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Sensa ya mwaka 2016 haikukuta hata watu 60 kisiwani. Uraia wa New Zealand, ambao ni neema, huwafungulia vijana njia ya Rarotonga, Auckland na Australia, na watu wa kizazi cha Marsters walio nje ni wengi mno kuliko walioko nyumbani. Umeme wa jua ulioletwa miaka ya 2010 umeyapunguzia majokofu njaa ya dizeli, na shule ipo, lakini kijana akimaliza masomo ya kisiwani hana budi kupanda meli.

Wakati wenyeji wanapungua, wageni hawapungui kwa kadiri hiyo. Desturi iliyowekwa wakati nyumba zilikuwa nyingi na chombo kupita lilikuwa jambo la nadra, leo hubebwa na mikono michache mbele ya maboya yaliyojaa. Mwenyeji aliyekwisha kuvua, kuchuna, kupika, kuchukua wageni asubuhi na kuwarudisha jioni siku tano mfululizo, hujikuta chombo kingine kinapiga hodi siku ya sita, na hadhi ya nyumba yake haimruhusu kukaa kimya.

> Ukarimu wa watu wasiofika 60 haukuumbwa kwa matumizi ya dunia nzima.

Nawajua watakaosema dawa ni kuweka bei ya kila kitu: chakula bei yake, mashua bei yake, matembezi bei yake. Huenda baraza la kisiwa, ambamo mbari zote tatu zina sauti, likaamua hivyo siku moja, na likiamua tutalazimika kulitii. Lakini uamuzi huo uwe wao, usiwe matokeo ya wageni kuwachosha hata wasiwe na njia nyingine.

Mabaharia wanaojitayarisha kuuvuka Mfereji wa Panama msimu ujao wanaweza kuupunguza mzigo huu kwa mambo mepesi kabisa. Waulize kwa redio au kwa barua, kabla hawajatoka Tahiti, kisiwa kinahitaji nini, na walete hicho badala ya masazo ya kabati. Wakubaliane wao kwa wao, katika ile redio yao ya kila siku, wasifike vyombo vingi kwa pamoja. Wakifika wasubiri nje ya mwamba waje kuchukuliwa, walipe ada bila kubishana, wasitie nanga matumbaweni, wasikanyage kijisiwa bila kumwambia mwenyeji, na wasikae zaidi ya siku chache hata wakibembelezwa.

Nayo serikali iliyoko Rarotonga, ambayo hupokea ada za vyombo hivi, na irudishe fungu la fedha hizo Palmerston kwa sura ya minyororo, pingu na mashua madhubuti ya kuokolea watu, kabla msimu wa vyombo haujafunguliwa tena.